Kusugua benchi miaka mitatu, kisha kuwa wa kwanza Marekani nzima: safari ya kwotabeki wa chuo kikuu

Kila inapofika Desemba na Januari, habari za michezo ya vyuo vikuu vya Marekani huwachanganya wasomaji wengi wa Kiswahili. Kichwa kimoja kinasema mwanafunzi wa miaka 20 amehama chuo na huko aendako atalipwa mamilioni ya dola. Kingine kinasema mchezaji mwenye miaka 23 "bado ana mwaka mmoja". Ukifika Aprili unasoma kuhusu kijana aliyechaguliwa wa kwanza katika nchi nzima, na aliyemchagua ni timu iliyoshika mkia. Aliyekulia kwenye mpira wa Simba na Yanga, au wa Gor Mahia na AFC Leopards, hapati pa kushika. Mbona bora kuliko wote anakwenda kwa walioshindwa kuliko wote?

Mambo haya yanafumbuka ukishika vitu viwili tu: kiti cha kwotabeki, yule anayeongoza mashambulizi ya timu katika futiboli ya Kimarekani, ni kimoja, na muda wa kukikalia umehesabiwa. Uhamisho, fedha, tuzo na huo uchaguzi wa Aprili, vyote vinazunguka hapo. Sijaona mchezaji ambaye maisha yake yanaonyesha vitu hivyo viwili waziwazi kama Joe Burrow, aliyekuwa chuoni kuanzia 2015 hadi msimu wa 2019. Nitamfuata yeye, na kila tunapokwama nitasimama kueleza.

Kwanza mchezo wenyewe. Futiboli ya Kimarekani huchezwa kwa mikono zaidi kuliko miguu, na mpira wake una ncha mbili. Kila upande una wachezaji 11. Uwanja una urefu wa yadi 100, yaani mita 91 na kitu, bila kuhesabu maeneo ya kufungia yaliyo mwisho wa kila upande. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusogea mbele angalau yadi 10. Ikifanikiwa inapewa mengine manne, ikishindwa mpira unakwenda kwa wapinzani. Mpira ukifikishwa katika eneo la mwisho, hiyo ndiyo tachidauni: alama 6, pamoja na nafasi ya kuongeza moja au mbili.

Kila jaribio huanza kwa mchezaji wa kati kuupitisha mpira nyuma, katikati ya miguu yake, hadi mikononi mwa kwotabeki. Hapo kwotabeki ana kama sekunde mbili na nusu au tatu. Anaweza kumkabidhi mkimbiaji aliye kando yake, anaweza kuurusha kwa mpokeaji anayekimbia mbele, au akakimbia nao mwenyewe. Wenzake watano wenye miili mizito wanasimama mbele yake kama ukuta, na wapinzani wanaupasua ukuta huo ili wamwangushe kabla hajaamua.

Kazi yake lakini imeanza mapema zaidi. Kocha humtumia mpango wa jaribio kutoka nje ya mstari. Wakati wa Burrow, vyuo havikuruhusiwa kuweka redio ndani ya kofia ya mchezaji (ruhusa hiyo ilikuja mwaka 2024 kwa vyuo vya daraja la juu), kwa hiyo mpango ulifika kwa ishara za mikono na mabango yenye picha. Kwotabeki anausoma, anawapanga wenzake, kisha anawatazama wapinzani: wangapi wamesogea karibu, nani anajifanya kurudi nyuma lakini uzito wa mwili wake uko mbele. Akiona mpango hautafaa, anaubadilisha papo hapo kwa kupiga kelele.

Ndiyo maana si sahihi kumlinganisha na mshambuliaji wa soka, kama watu wengi wanavyofanya. Anafanana zaidi na nahodha wa jahazi anayeingia bandarini penye miamba. Nchi kavu alishapewa maelekezo, lakini akifika kwenye mkondo ni macho yake yanayoamua, na akikosea chombo chote kinagonga. Ni kosa pia kudhani kwamba kwotabeki bora ni mwenye mkono wenye nguvu kuliko wote. Burrow hakuwahi kusifiwa kwa nguvu za mkono. Alisifiwa kwa kuona mapema na kwa kuupeleka mpira mahali ambapo mwenzake tu ndiye angeufikia.

Sasa angalia nafasi nyingine uwanjani. Wapokeaji huingia watatu, wanne, na hupokezana. Wakimbiaji hupokezana. Walinzi huingia na kutoka kutwa nzima. Kwotabeki hapokezani na mtu. Wahenga walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama, na makocha wa Marekani wanauishi usemi huo ingawa hawajawahi kuusikia. Anayepata namba anacheza kila jaribio. Wa pili anashika ubao na kusubiri mwenzake aumie au aondoke. Mwaka 2019 vyuo vya daraja la juu vilikuwa 130. Viti vya kwotabeki vilikuwa 130 basi, na kila chuo kilikuwa na vijana kadhaa wanaokitaka, ambao karibu wote walikuwa mashujaa wa shule zao za sekondari.

Chuo ni lazima, na saa inakimbia

Msomaji atauliza: kwa nini kijana asiende moja kwa moja kwenye klabu, kama wachezaji wa soka wanavyosajiliwa na miaka 17 au 18? Kwa sababu njia hiyo haipo. Klabu 32 za NFL, ligi kuu ya kulipwa, hazina timu za vijana wala akademi. Ligi hiyo pia ina kanuni kwamba mchezaji haruhusiwi kuingia mpaka ipite miaka mitatu tangu amalize sekondari. Mwaka 2004 Maurice Clarett, mkimbiaji wa Chuo Kikuu cha Ohio State, aliipinga kanuni hiyo mahakamani, na mahakama ya rufaa ikaipa NFL ushindi. Kwa hiyo chuo ndicho akademi, ndicho daraja la kwanza, ndicho jukwaa la kujionyesha, na wakati huohuo ni chuo kweli chenye madarasa na mitihani.

Muda wa kukaa humo una mpaka. NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, humpa mchezaji misimu minne ya kucheza ndani ya miaka mitano. Fikiria bando la intaneti la GB 4 lenye muda wa siku 5. Siku moja unaweza usilitumie kabisa na GB zako zikabaki. Siku ya tano ikiisha, kilichobaki kimekufa, hata kama hukukigusa.

Hiyo siku moja ya kutolitumia ndiyo inayoitwa mwaka wa shati jekundu. Jina hilo la zamani linatokana na rangi ya jezi za mazoezini. Mchezaji anakuwa na timu mwaka mzima, anafanya mazoezi, anajifunza mipango, lakini hachezi mechi, na msimu wake mmoja unahifadhiwa. Tangu 2018 anaruhusiwa kugusa hadi mechi nne bila kuupoteza msimu huo. Ukisikia mtu yuko mwaka wa tano chuoni, usidhani amefeli mitihani. Mara nyingi ni hesabu hii tu.

Burrow alizaliwa tarehe 10 Desemba 1996 huko Ames, jimbo la Iowa, akakulia kusini mashariki mwa Ohio, ambako baba yake Jim alikuwa kocha wa ulinzi wa timu ya Chuo Kikuu cha Ohio, katika mji unaoitwa Athens. Mwaka 2014 alitajwa mchezaji bora wa sekondari wa jimbo zima na akaifikisha shule yake fainali, ambako walifungwa 56 kwa 52. Mwaka uliofuata akajiunga na Ohio State, jijini Columbus. Majina ya vyuo hivi viwili yanafanana, lakini Ohio State ndiyo yenye uwanja unaobeba watu zaidi ya 100,000, na ndiyo ambayo watoto wa jimbo hilo huota kuichezea.

Alifika wakati mgumu kuliko wote. Januari 2015 Ohio State ilikuwa imetoka kutwaa ubingwa wa taifa, na ilikuwa na makwotabeki watatu waliokwisha kuthibitika: J.T. Barrett, Cardale Jones na Braxton Miller. Watatu, kiti kimoja. Miller, ambaye aliwahi kuwa nyota wa chuo hicho, ilibidi abadilishe nafasi awe mpokeaji. Burrow akapewa shati jekundu. Mwaka 2016 Barrett akacheza. Mwaka 2017 Barrett akacheza tena. Kabla msimu huo haujaanza, Burrow alivunjika mfupa wa mkono anaorushia, na nafasi ya pili ikachukuliwa na kijana mdogo kwake, Dwayne Haskins. Novemba mwaka huo Barrett aliumia katikati ya mechi dhidi ya Michigan, mahasimu wao wakubwa, Haskins akaingia na timu ikashinda. Benchi la Burrow lilikuwa limerefuka kutoka mtu mmoja hadi wawili.

Kwa miaka mitatu Ohio State, jumla yake yote ilikuwa hii: mechi 10 alizoingia, nyingi zikiwa zimekwisha kuamuliwa, pasi 29 zilizofika kati ya 39, yadi 287, tachidauni 2. Kwenye karatasi, huyo ni mchezaji ambaye hukumbuki jina lake.

Hapa kuna simulizi moja maarufu ambayo inabidi niikatae, kwamba makocha wa Ohio State walikuwa vipofu. Barrett alipomaliza, walimpa kiti Haskins, na msimu wa 2018 Haskins alirusha tachidauni 50 na kushika nafasi ya tatu katika tuzo ya mchezaji bora wa vyuo vyote. Hayati Haskins, aliyefariki Aprili 2022 akiwa na miaka 24 tu, alistahili kiti kile. Kocha akiwa na wawili wanaostahili, lazima mmoja abaki nje, na anayebaki nje haitwi mbovu kwa sababu hiyo. Mara nyingi watu wanaosoma takwimu za kwotabeki husahau jambo hilo.

Cheti kilichokuwa pasipoti

Mei 2018 Burrow alipiga hesabu. Misimu ya kucheza iliyobaki: miwili. Miaka iliyobaki kwenye saa: miwili. Akikaa nyuma ya Haskins mwaka mmoja, nusu ya alichobakiwa nacho imekwenda. Wakati huo kanuni ilisema mchezaji wa futiboli anayehama chuo cha daraja la juu kwenda kingine lazima akae mwaka mzima bila kucheza, na saa inaendelea kukimbia. Kwa mtu mwenye miaka miwili, hiyo ni sawa na adhabu ya kustaafishwa.

Mlango wa pembeni ulikuwepo, nao ulikuwa wa darasani. Aliyekwisha kupata shahada ya kwanza aliruhusiwa kuhamia chuo kingine kwa masomo ya juu na kucheza mara moja. Burrow alikuwa amemaliza shahada yake, ya huduma za kifedha kwa walaji na familia, kwa miaka mitatu. Wale wanaosema masomo ya wanamichezo wa Marekani ni mapambo watazame hapa. Bila shahada ile, msimu wa 2018 angeutazama akiwa amevaa nguo za kawaida.

Akaenda Baton Rouge, Louisiana, kwenye chuo kikuu cha jimbo hilo kinachojulikana kwa herufi LSU. Wengi huuliza kama kuhama hivyo si usaliti. Mimi naona tofauti na soka ni kubwa mno kiasi kwamba neno usaliti halina mahali. Mchezaji wa klabu ana mkataba na mshahara, na akiuzwa klabu inapata fedha. Burrow hakuwa na mkataba wa kazi. Alikuwa mwanafunzi aliyehitimu, anayekwenda kusoma shahada ya pili, na chuo alichokiacha kilikuwa kimeshachagua mtu mwingine.

Mwaka wake wa kwanza LSU haukumshtua mtu. Timu ilishinda mechi 10 na kupoteza 3, na yeye akarusha tachidauni 16. Vizuri, basi. Angeishia hapo, makala hii isingekuwepo.

Kilichobadilika kati ya 2018 na 2019 kinastahili maelezo marefu kidogo, kwa sababu ndicho kinachowapotosha watu wanaotaka muujiza. Mkono wa Burrow ulikuwa uleule. Januari 2019 kocha mkuu Ed Orgeron alimleta Joe Brady, kijana wa miaka 29 aliyekuwa msaidizi kwenye klabu ya New Orleans Saints, ashughulikie mchezo wa pasi pamoja na Steve Ensminger. LSU ilikuwa timu ya kusukumana: mpe mkimbiaji, pasua katikati, rudia. Brady aliwatawanya wapokeaji upana wote wa uwanja, wakati mwingine watano kwa mpigo. Ukimtawanya mshambuliaji, na mlinzi analazimika kutawanyika, na akitawanyika hawezi kuficha nia yake. Anayesoma haraka anaona nani kaachwa peke yake. Burrow alikuwa na miaka minne ya kusoma tu, mitatu kati ya hiyo akiwa nje ya mstari. Hatimaye alipewa mtihani wa somo alilolisomea.

Alipata pia watu. Ja'Marr Chase na Justin Jefferson walikuwa wapokeaji wake, na kila mmoja alivuka yadi 1,500 msimu huo. Mkimbiaji alikuwa Clyde Edwards-Helaire. Katika ule uchaguzi wa Aprili wa mwaka uliofuata wachezaji 14 wa timu hiyo walichukuliwa na NFL. Tunampa kwotabeki sifa nyingi mno timu ikishinda, na lawama nyingi mno ikishindwa. Pasi nzuri ina watu wawili, na ukuta wa watano uliompa anayerusha nafasi ya kupumua.

Matokeo yalikuwa mechi 15, ushindi 15. Septemba waliifunga Texas 45 kwa 38 kule Austin. Novemba 9 waliifunga Alabama 46 kwa 41 nyumbani kwake, timu ambayo LSU haikuwa imeifunga tangu 2011; siku hiyo Burrow alifikisha pasi 31 kati ya 39. Mwisho wa msimu alikuwa amefikisha pasi 402 kati ya 527, yaani 76 katika kila 100, kwa yadi 5,671. Zigeuze kuwa mita: ni zaidi ya kilomita tano za mpira unaoruka hewani na kukimbizwa. Tachidauni za pasi zilikuwa 60, na kabla yake hakuna kwotabeki wa daraja la juu la vyuo aliyekuwa amefikisha hizo kwa msimu mmoja. Wapinzani waliudaka mpira wake mara 6 tu. Rekodi ya 60 ilivunjwa mwaka 2021 na Bailey Zappe wa Western Kentucky, aliyerusha 62.

Katika nusu fainali dhidi ya Oklahoma, tarehe 28 Desemba, alirusha tachidauni saba kabla ya mapumziko. Nimeitazama mechi ile zaidi ya mara moja na bado naona ni kitu kisicho cha kawaida: mtu anayeonekana kujua mlinzi atakapoweka mguu kabla mlinzi mwenyewe hajaamua. Fainali ilikuwa tarehe 13 Januari 2020, New Orleans, umbali mfupi kutoka chuoni kwao. LSU 42, Clemson 25.

Tuzo, mifuko mitupu, na timu iliyoshika mkia

Kati ya ushindi huo, Desemba 14, 2019, alipewa tuzo ya Heisman, inayotolewa tangu 1935 kwa mchezaji bora wa vyuo. Waandishi wa habari na washindi wa zamani ndio hupiga kura nyingi. Watu huichukulia kama hakikisho la makuu katika ligi ya kulipwa, lakini haihakikishi lolote. Inapima msimu mmoja wa chuo, basi.

Alipopanda jukwaani, Burrow hakuongea sana kuhusu mpira. Alizungumzia umaskini wa kwao kusini mashariki mwa Ohio na watoto wanaorudi nyumbani wasikute chakula cha kutosha mezani. Mkazi mmoja wa Athens akafungua mchango wa ghala la chakula la wilaya hiyo. Zikapatikana zaidi ya dola 500,000.

Fikiria sasa jambo hili. Kijana yule, ambaye maneno yake yalivuta nusu milioni ya dola kwa siku chache, yeye mwenyewe hakuruhusiwa kupokea hata dola moja ya tangazo. Chuo kilimlipia ada, malazi, chakula na posho ndogo ya maisha. Jezi yenye namba yake iliuzwa dukani na fedha haikumfikia. Uwanja wa LSU unabeba watu zaidi ya 102,000, na ulijaa kwa sababu yake na wenzake. Kwangu hilo lilikuwa dhuluma, na sioni sababu ya kulipaka rangi.

Kanuni hiyo imeanguka, lakini si kwa namna wengi wanavyosimulia. Husemwa kwamba Mahakama ya Juu ya Marekani iliruhusu wanafunzi walipwe matangazo. Hapana. Kesi ya Alston, iliyoamuliwa tarehe 21 Juni 2021 kwa kura 9 kwa 0, ilihusu manufaa yanayohusiana na elimu tu. Lakini hukumu iliitikisa NCAA, na sheria za majimbo kadhaa zilikuwa zinaanza kutumika Julai 1. Chama kikaachia, na tangu siku hiyo mchezaji wa chuo anaweza kuuza jina lake na sura yake. Fedha nyingi unazozisoma kwenye habari zilianza kwa mlango huo. Malipo ya moja kwa moja kutoka chuoni yamekuja baadaye: makubaliano ya kesi ya House, yaliyoidhinishwa na jaji Juni 2025, yanaruhusu kila chuo kuwagawia wanamichezo wake wa michezo yote hadi dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza.

Turudi kwa Burrow. Aprili 2020 ulifika uteuzi, ule unaoshangaza watu. Kila mwaka klabu 32 za NFL hugawana wachezaji wanaotoka vyuoni, kwa raundi saba, na foleni hupangwa kinyume: iliyofanya vibaya zaidi inachagua mwanzo, bingwa mwishoni. Ni kama sinia la wali ambalo aliyekuja na njaa kali ananawa kwanza. Sababu yake ni kwamba NFL haina kushuka daraja. Katika soka anayeshika mkia anaondoka na nafasi yake inachukuliwa na mwingine. Kule habanduki, kwa hiyo ligi humsaidia asimame, la sivyo mashabiki wake watahama na ushindani utakufa. Cincinnati Bengals ilikuwa imeshinda mechi 2 na kupoteza 14. Ikachagua ya kwanza, ikamchukua Burrow. Kuitwa wa kwanza ni heshima kwa mchezaji, na wakati huohuo ni alama ya shida ya anayemwita. Mchezaji mwenyewe hachagui klabu. Wapo wachache waliogoma na wakafanikiwa, kama Eli Manning mwaka 2004, lakini ni wa kuhesabu vidoleni.

Tukio lenyewe lilifanyika kwa njia ya video kwa sababu ya korona, na Burrow alikuwa nyumbani Ohio na wazazi wake. Mkataba wake wa kwanza ulikuwa wa miaka minne, takriban dola milioni 36. Namba ya uteuzi haisemi utafika wapi: JaMarcus Russell, kwotabeki wa LSU hiyohiyo, alichaguliwa wa kwanza mwaka 2007 na baada ya msimu wa 2009 hakucheza tena ligi hiyo, ilhali Tom Brady wa Michigan alikuwa wa 199 mwaka 2000 na akatwaa ubingwa mara saba. Burrow aliumia vibaya goti Novemba ya mwaka wake wa kwanza, akarudi, na Februari 2022 akaifikisha Bengals fainali ya Super Bowl, walikofungwa 23 kwa 20 na Los Angeles Rams.

Kama angekuwa kijana leo, njia yake isingefanana na ile. Oktoba 2018, miezi mitano baada ya yeye kuondoka Ohio State, NCAA ilifungua lango la uhamisho, orodha ya mtandaoni ambamo mchezaji anaandikwa jina na vyuo vingine vinaruhusiwa kumfuata. Mwaka 2021 kila mchezaji aliruhusiwa kuhama mara moja bila kukaa nje mwaka. Mwaka 2024 kikomo cha idadi kikaondolewa kwa wanaofaulu masomo yao. Kwa hiyo Burrow wa leo asingesubiri miaka mitatu. Angehama mwaka wa pili, bila shahada, na angelipwa. Nafurahia malipo. Kuhusu shahada kuacha kuwa sharti, moyo wangu ni mzito, maana vijana wengi wanaohama vyuo vitatu hawatafika NFL, na masomo yaliyokatwakatwa hayahamishiki kirahisi kama mpira.

Hata ile saa ya miaka mitano imefikishwa mahakamani. Diego Pavia alianza 2020 katika chuo cha miaka miwili huko New Mexico, akahamia New Mexico State, kisha Vanderbilt. Alishtaki kwamba misimu ya chuo cha miaka miwili isihesabiwe kwenye bando lake. Desemba 2024 jaji wa shirikisho huko Tennessee alimpa zuio la muda dhidi ya kanuni hiyo, NCAA ikatoa ruhusa ya mwaka mmoja kwa walio katika hali kama yake, na Pavia akaingia uwanjani na Vanderbilt mwaka 2025, ukiwa mwaka wake wa sita.